Digrii ya Kukaa na Watu

Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alikuwa akifanya utafiti miongoni mwa Wamijikenda, bara kidogo kutoka pwani ya Kenya. Siku moja alimpiga picha mzee mmoja kando ya vigango viwili. Kigango ni nguzo ya mti mgumu iliyochongwa kichwa na kiwiliwili na kunakshiwa kwa pembetatu ndogondogo. Husimikwa kwa ajili ya marehemu aliyekuwa mwanachama wa Gohu, chama cha watu wazito katika jamii hiyo. Vigango vile viwili mzee alikuwa amewasimikia ndugu zake. Udvardy aliporudi baadaye kumletea nakala ya picha, alikuta vigango vimeibwa.

Kwa miaka mingi wizi wa aina hiyo ulikuwa biashara kubwa. Vigango vilibebwa kutoka vijijini, vikauzwa kwa wapenzi wa sanaa, na vingine vikaishia katika makumbusho ya Marekani. Mwaka 1999, akiwa kwenye mkutano wa wataalamu wa masuala ya Afrika nchini humo, Udvardy alionyeshwa slaidi za mkusanyo wa makumbusho ya Chuo Kikuu cha Illinois State. Kimoja kati ya vigango vile akakitambua. Yeye na mwenzake Linda Giles, mtafiti mwingine wa pwani, wakaendelea kufuatilia, na cha pili kikaonekana katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Hampton, jimboni Virginia. Picha ya 1985 ikawa ushahidi ambao hakuna aliyeweza kuupinga. Kigango cha Illinois kilirejeshwa Kenya mwaka 2006, na cha Hampton mwaka uliofuata.

Picha peke yake isingetosha. Vigango ni vingi na kwa mgeni vinafanana. Kilichoipa picha ile nguvu ni kwamba mpigaji aliuliza: hivi ni vya nani, walikuwa nani kwako, viko kwenye boma la nani? Majibu akayaandika. Kazi hiyo ya kuuliza, kukaa, kuandika na kurudi ndiyo kiini cha anthropolojia, na ndiyo inayofundishwa kwa vijana wanaoisoma kama shahada ya kwanza. Wazazi wengi huisikia kwa mara ya kwanza siku mtoto anapojaza fomu za kuomba chuo, na swali lao huwa lilelile: mwanangu, ukimaliza hiyo utafanya kazi gani? Swali hilo ni la haki na lina majibu. Lakini kwanza tuangalie kinachosomwa.

Anthropolojia humchunguza binadamu mzimamzima: asili yake na mwili wake, lugha yake, vitu alivyovitengeneza na kuviacha ardhini, na jinsi anavyoishi na wenzake. Marekani, kwa kufuata njia aliyoijenga Franz Boas katika Chuo Kikuu cha Columbia, mwanafunzi hupitishwa katika matawi yote hayo manne. Waingereza walijikita zaidi kwenye maisha ya jamii, na vyuo vya Afrika Mashariki vilirithi sehemu kubwa ya mkondo huo. Chuo Kikuu cha Nairobi kina shahada ya anthropolojia yenyewe. Makerere na Dar es Salaam zimeiweka anthropolojia idara moja na sosholojia, na Dar akiolojia ilianza kufundishwa mwaka 1985 na ina idara yake. Kwa kawaida masomo huchukua miaka 3 Tanzania na Uganda, na 4 Kenya.

Katika muhula wa kwanza, karibu kila mahali duniani, mwanafunzi hukutana na kihenge kilichoanguka. Mfano huo ni wa mwanaanthropolojia Evans-Pritchard, aliyeishi na Waazande wa Sudan Kusini ya leo katika miaka ya 1920 na kuandika kitabu chake mwaka 1937. Kihenge cha nafaka husimama juu ya miguu ya miti, na jua likiwa kali watu hukaa chini yake kupata kivuli. Mchwa hula ile miti. Siku moja kihenge kinaanguka na kuwaumiza waliokaa chini yake. Mwazande anajua vizuri kwamba mchwa ndio walioila miti. Anachouliza ni kwa nini kianguke saa ileile ambayo watu hawa, na si wengine, walikuwa wamekaa pale. Hapo ndipo uchawi unapoingia. Mwanafunzi haambiwi aamini, wala haambiwi acheke. Anatakiwa aone kwamba anayezungumzia uchawi hajashindwa kufikiri: anajibu swali ambalo elimu ya mchwa hailijibu. Na swali hilo, kwa nini mimi, kwa nini leo, mwanafunzi wa Iringa au Kisumu amelisikia kwenye kila msiba.

Hapa ndipo kijana wa Afrika Mashariki anapokuwa na mtaji ambao mwenzake wa Ulaya hana. Lewis Henry Morgan, mwanasheria wa jimbo la New York, alipogundua katika karne ya 19 kwamba Wairokwoi humwita ndugu wa baba kwa jina lilelile la baba, aliona ni jambo la ajabu, akakusanya taarifa za ukoo kutoka sehemu nyingi za dunia na kuchapisha kitabu kikubwa mwaka 1871. Mtoto wa Kilosa mwenye baba mkubwa, baba mdogo na mama wadogo watatu asingeshangaa hata kidogo. Darasani atajifunza kuchora ukoo wake kwa alama za taaluma, pembetatu kwa mwanamume, duara kwa mwanamke, mistari miwili kwa ndoa, na huenda kwa mara ya kwanza akaona kwa nini mjomba ana sauti kwenye mahari na baba mdogo ana sauti kwenye shamba.

Chukua utani. Mwanaanthropolojia A. R. Radcliffe-Brown aliandika makala kuhusu mahusiano ya aina hiyo mwaka 1940, na miaka minne baadaye R. E. Moreau akachapisha taarifa alizozikusanya Tanganyika, za makabila yanayotaniana na sababu zinazotajwa: vita vya zamani, safari za misafara ya biashara, ujirani. Mtanzania anaujua utani tangu utoto. Ameona watani wakivamia msiba, wakimwiga marehemu anavyotembea, wakizuia jeneza lisipite mpaka watolewe chochote, na wafiwa wakicheka huku machozi yakiwatoka. Anajua pia kwamba ni mwiko kumkasirikia mtani. Ila kujua jambo na kuweza kulieleza ni mambo mawili. Radcliffe-Brown aliona kwamba utani huota pale ambapo watu wanalazimika kuwa karibu na wakati huohuo wana sababu ya kugombana, kwa hiyo ugomvi unapewa nguo ya mchezo na kufanywa wajibu. Je, hoja hiyo inatosha kwa babu na mjukuu wanaoitana mume na mke? Inatosha kwa utani wa mashabiki wa Simba na Yanga? Mhadhiri mzuri anaweza kumaliza wiki mbili hapo, na darasa zima likawa na la kusema.

Kwa tawi la asili ya binadamu pia hakuna haja ya kwenda mbali. Mary Leakey aliliona fuvu lililoitwa Zinjanthropus huko Olduvai tarehe 17 Julai 1959, na nyayo za Laetoli, zenye umri wa takriban miaka milioni 3.6, ziko kusini ya hapo. Mwaka 1984, magharibi ya Ziwa Turkana, Kamoya Kimeu alikiona kipande kidogo cha mfupa wa paji la uso kati ya kokoto. Kipande hicho kikafungua njia ya kupatikana kwa mifupa ya kijana aliyeishi zaidi ya miaka milioni 1.5 iliyopita, mojawapo ya mabaki kamili zaidi ya binadamu wa kale kuwahi kupatikana. Kimeu hakuwa amesomea digrii yoyote. Jicho lake lilifunzwa kazini, na wasomi wengi wenye shahada wamejenga majina yao juu ya alichokiona.

Mtihani wa kweli wa shahada hii, hata hivyo, uko nje ya darasa. Tangu Bronislaw Malinowski akae visiwa vya Trobriand wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia na kuchapisha kitabu chake mwaka 1922, mwanaanthropolojia anategemewa aende akaishi na watu, ajifunze lugha yao, ashiriki shughuli zao na kuandika kila siku. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza hapati miaka miwili. Anapata wiki chache za likizo na mradi wa mwisho. Kazi huanza na makaratasi: mwanafunzi wa Tanzania hubeba barua ya chuo, na barua hiyo hushuka ngazi kwa ngazi, kutoka kwa katibu tawala wa mkoa hadi wilayani, kwa mtendaji wa kata, mpaka kwa mtendaji wa kijiji au mtaa. Kenya kuna kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, kisha chifu na mzee wa mtaa. Ngazi hizo zinachosha, lakini zina mafunzo yake. Ukishapita ofisi nne ukisubiri mhuri, umeshaona jinsi serikali inavyoonekana kutoka kwenye benchi la mwananchi.

Tuseme mwanafunzi ameamua kuchunguza kijiwe cha bodaboda. Siku ya kwanza anagawa hojaji: unapata shilingi ngapi kwa siku? Anaandikiwa tarakimu, na tarakimu hizo haziaminiki, kwa sababu hakuna anayemwambia mgeni mapato yake. Akiziacha karatasi akakaa pale kijiweni, siku ya tano anaanza kuelewa. Kuna dereva wa mkataba, anayelipia pikipiki mpaka iwe yake. Kuna anayepeleka hesabu kwa tajiri kila jioni, awe amepata au amekosa. Kuna deiwaka, anayeachiwa pikipiki saa chache mwenyewe akipumzika, na ambaye kwenye takwimu yoyote rasmi hayupo. Kijiwe kina mwenyekiti, kina daftari la michango, kina utaratibu wa nani aende msibani kwa niaba ya wenzake. Usiku mwanafunzi anapanua madondoo yake kabla hayajapoa: nani alisema nini, nani alinyamaza, nani alicheka. Mwalimu wake atamfundisha pia mipaka: aombe ridhaa, abadilishe majina, asiahidi msaada asio nao, asiandike jambo litakalompeleka mtu polisi.

Ujuzi huo una historia yenye madoa, na chuo kisichoifundisha historia hiyo kinamdanganya mwanafunzi. Serikali za kikoloni zilitaka kujua jinsi ya kuwatawala watu, na wanaanthropolojia wengine walizisaidia. Tanganyika ilikuwa na Hans Cory, Mwaustria aliyeajiriwa na serikali ya kikoloni kuandika sheria na desturi za Wasukuma, Wahaya na wengine. Desturi ambayo wazee walikuwa wakiibishania na kuipindisha kulingana na kesi ikawa kifungu chenye namba. Kazi ya kuziweka sheria za kimila katika maandishi iliendelea hadi baada ya uhuru, na matangazo ya serikali ya 1963 kuhusu mirathi ya kimila bado yanawakabili wajane na mabinti mahakamani. Huo ndio uzito wa kalamu ya mtafiti: aliyoyaandika kuhusu baba zetu yanaweza kuamua nani anabaki na nyumba leo.

Kulikuwa pia na watu waliofanya nusu ya kazi na majina yao yakabaki pembezoni. Monica Wilson alitafiti miongoni mwa Wanyakyusa wa Rungwe kati ya 1934 na 1938, na vitabu vyake bado vinasomwa. Karani na mkalimani ambaye yeye na mumewe Godfrey walimtegemea aliitwa Leonard Mwaisumo. Ilikuwa mwaka 2013 tu ndipo kilipotoka kitabu kinachoeleza kwa undani mchango wa wasaidizi kama yeye. Baadaye, akiwa Cape Town, Wilson alimfundisha Archie Mafeje, kijana Mwafrika aliyefanya utafiti katika kitongoji cha Langa. Mwaka 1968 Chuo Kikuu cha Cape Town kilimteua Mafeje kuwa mhadhiri mwandamizi wa anthropolojia, kisha kikafuta uteuzi huo kwa shinikizo la serikali ya ubaguzi wa rangi, na wanafunzi wakakalia jengo la utawala kwa siku kadhaa kupinga. Mafeje akaja Dar es Salaam kuongoza idara ya sosholojia. Kutoka hapo akawa mmoja wa wakosoaji wakali wa anthropolojia iliyozoea kuwaona Waafrika kama makabila na hakuna zaidi.

Ukosoaji huo haukutoka nje ya somo. Jomo Kenyatta alisoma London chini ya Malinowski, na mwaka 1938 akachapisha kitabu kuhusu Wagikuyu, kikiwa na utangulizi wa mwalimu wake, ambamo desturi za kwao na madai yao ya ardhi vilitetewa na mtu wa ndani. Okot p'Bitek wa Uganda alisoma anthropolojia Oxford mwanzoni mwa miaka ya 1960, akachukizwa na lugha ambayo walimu wake waliitumia kuhusu watu kama yeye, na akaandika kitabu kizima kujibu jinsi wasomi wa Magharibi walivyozieleza dini za Kiafrika. Hata hivyo hakuitupa elimu hiyo. Alifanya utafiti, na baadaye akafanya kazi katika taasisi ya masomo ya Afrika ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Wote wawili waliiona thamani ya chombo na ubaya wa mikono iliyokuwa ikikishika.

Turudi kwa mzazi na swali lake. Jibu la wazi zaidi liko kwenye afya. Mwaka 2014, Ebola ilipokuwa ikiua watu Guinea, mwanamke mjamzito wa kabila la Wakissi alifariki. Kwa desturi ya kwao mama hazikwi na mtoto tumboni. Kumpasua kungewahatarisha wahudumu, na kumzika vilevile kungeipa familia laana isiyokwisha. Msiba ukakwama. Mwanaanthropolojia Julienne Anoko, aliyekuwa na timu ya Shirika la Afya Duniani, alikaa na wazee akiuliza kama mila yenyewe ina njia ya kurekebisha jambo kama hilo. Ilikuwapo: tambiko la fidia, na mzee aliyejua kulifanya. Mahitaji ya tambiko yakagharamiwa, likafanyika, na mama akazikwa kwa usalama. Daktari peke yake asingeuliza swali lile. Ebola ilipozuka Kivu Kaskazini na Ituri, mashariki mwa Kongo, kati ya 2018 na 2020, ikaua zaidi ya watu 2,200, wakiwamo wa miji ya wasemaji wa Kiswahili kama Beni na Butembo, watafiti wa jamii walikuwamo kwenye timu, maana vituo vya matibabu vilishambuliwa na uvumi ulikuwa unakimbia kuliko magari ya wagonjwa.

Mifano mingine ipo. Paul Farmer, daktari aliyefariki Butaro, Rwanda, mwaka 2022, alianza na shahada ya kwanza ya anthropolojia ya tiba katika Chuo Kikuu cha Duke. Ann Dunham, mama yake Barack Obama, alihitimu anthropolojia Hawaii mwaka 1967, akatafiti wahunzi wa Java na kufanya kazi ya mikopo midogo vijijini Indonesia. Mwanaanthropolojia Genevieve Bell aliajiriwa na Intel mwaka 1998 kuchunguza jinsi watu wanavyoishi na teknolojia majumbani. Na Sibel Kusimba, aliyefuatilia M-Pesa nchini Kenya, ameonyesha jinsi pesa za simu zinavyopita kwenye njia za ukoo, michango ya sherehe na misiba, jambo ambalo benki yoyote inayotaka wateja wa kijijini ingefaa kulijua.

Wote hao walisoma zaidi ya shahada ya kwanza, na mwanafunzi aambiwe ukweli huo mapema. Matangazo ya kazi Dar es Salaam au Nairobi ni nadra kutaja anthropolojia kwa jina. Yanasema afisa maendeleo ya jamii, mtafiti msaidizi, mratibu wa mradi, afisa ufuatiliaji na tathmini, mhifadhi wa makumbusho. Anayetaka nafasi hizo ajifunze na takwimu, na programu za kuchambua mahojiano, na aandike vizuri. Anayekwenda chuoni akitegemea jina la digrii limtafutie kazi atahangaika. Anayetoka na miradi miwili mitatu aliyoifanya kwa mikono yake, na uwezo wa kukaa na mama lishe au mkuu wa wilaya akasikiliza kwa makini uleule, ana kitu ambacho waajiri wengi hawakipati kwa urahisi.

Kuna pengo moja ambalo vyuo vyenyewe vinaweza kuliziba. Mahojiano hufanyika kwa Kiswahili, Kigiriama au Kisukuma, mradi huandikwa kwa Kiingereza, na nakala hukaa maktabani ambako mhojiwa hatafika. Pat Caplan, mwanaanthropolojia wa London aliyeanza utafiti katika kijiji cha Kanga, kisiwani Mafia, katikati ya miaka ya 1960 na kurudi tena na tena kwa zaidi ya miaka 40, aliweka tovuti kuhusu Mafia kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, ili wenyeji wasome yaliyoandikwa juu yao na wayasahihishe wakitaka. Idara zetu hazihitaji hata tovuti. Zinaweza kumtaka kila mwanafunzi aandike kurasa mbili za Kiswahili kuhusu alichokipata na azifikishe kwenye ofisi ya kijiji au mtaa alikofanyia kazi, kabla mradi wake haujapewa alama.